Ukikopa kwa Shamba, Usiandike Umeuza

Katika vijiji vya Wilaya ya Kaliua, kuanzia Usinge hadi Ulyankulu, Desemba, Januari na Februari ndiyo miezi ya kukopa. Tumbaku iko shambani au ndiyo kwanza inaingia kwenye mabani ya kuikaushia, mahindi ya mwaka uliopita yanaelekea kwisha, shule zinafunguliwa na watoto wanataka sare na madaftari, na malaria haisubiri masoko yafunguliwe. Mkulima ana mali, lakini mali yenyewe bado ni majani mabichi. Benki inataka hati. Chama cha msingi kimeshamkopesha mbolea. Wakopeshaji wa kausha damu wanataka rejesho la kila wiki, na mtu anayepata fedha mara moja kwa mwaka hawezi kulitoa. Anayebaki ni jirani mwenye uwezo: mfugaji aliyeuza ng'ombe mnadani, mwenye duka, mwenye mashine ya kukoboa. Jirani anamwambia, "Fedha nitakupa, ila niandikie shamba."

Karatasi inayoandikwa usiku huo mara nyingi hukatwa kwenye daftari la mtoto, nayo husomeka hivi: "Mimi nimemuuzia ndugu yangu shamba langu heka nne kwa shilingi laki sita. Nikirudisha hela yake mwezi wa saba nachukua shamba langu. Nisiporudisha shamba ni lake moja kwa moja." Chini yake kuna majina mawili, dole gumba la mwenye shamba, na mashahidi wawili walioitwa na mwenye fedha.

Isome tena taratibu, kwa sababu karibu kila mgogoro wa kukomboa shamba umejificha ndani ya mistari kama hiyo. Shamba lenyewe liko kitongoji gani, linapakana na nani? Haikuandikwa. Mwezi wa saba wa mwaka upi, na ni tarehe moja au tarehe thelathini na moja? Haikuandikwa. Hela "yake" ni laki sita zilezile au laki sita na nyongeza? Nani atalima msimu huu, na mahindi yaliyoko shambani ni ya nani? Mke wa mwenye shamba yuko wapi? Zaidi ya hayo yote, karatasi inaanza na "nimemuuzia". Mtu aliyekuwa anakopa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anauza.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, na mengine yote yanatoka hapo: kama unakopa, andika kwamba unakopa. Usikubali mkopo uvishwe nguo ya mauzo, hata kama anayekukopesha ni mjomba wako, hata kama anasema ni "kwa ajili ya usalama tu".

Najua watu watasema wote wawili walielewana. Walielewana kweli, siku ile. Lakini Julai haiji na watu walewale. Mkopeshaji anaweza kuwa amefariki na watoto wake wanaijua karatasi tu. Anaweza kuwa amelisafisha shamba, amejenga, au amelipangisha kwa mtu mwingine. Bei ya ardhi inaweza kuwa imepanda kwa sababu wahamiaji wameongezeka na mapori yaliyobaki ni hifadhi isiyolimwa. Laki sita zilizoonekana nyingi Januari sasa ni ndogo mbele ya ekari nne, na moyo wa binadamu unabadilika.

Njia hii ya kukopa ina historia ndefu, na historia hiyo inapita hapahapa kwetu. Karne ya kumi na tisa, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea Ujiji, ulihitaji mtaji mkubwa wa vitambaa, shanga, bunduki na posho ya wapagazi. Unguja, wapo waliopata mtaji wa aina hiyo kwa bei khiyari: mtu anamuuzia mfanyabiashara nyumba au shamba lake, naye anabaki na haki ya kulirudisha akilipa ndani ya muda waliopatana. Mara nyingi muuzaji aliendelea kukaa katika mali hiyo huku akilipa kodi, na kodi ndiyo iliyokuwa faida ya mwenye fedha, kwa kuwa riba imeharamishwa katika Uislamu. Mpango ulifanya kazi vizuri pale pembe za ndovu ziliporudi pwani kwa wakati. Lakini mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji kupitia ukanda wetu huu ilifungwa, na misukosuko hiyo iliendelea kwa miaka. Mtu aliyeahidi kukomboa nyumba yake Unguja kwa tarehe fulani hakuwa na uwezo wowote juu ya vita vya bara.

Mkulima wa tumbaku wa Kaliua yuko katika hali ileile. Anaahidi tarehe, lakini tarehe ya fedha yake inaamuliwa na wengine: soko lifunguliwe lini, wapimaji wafike lini, kampuni iingize malipo lini, chama kikate madeni lini. Msimu wa masoko huanza Aprili au Mei na unaweza kuvuta hadi Agosti, na siku ya kupima mzigo si siku ya kupokea fedha. Halafu katika vikundi vya mkopo wa pembejeo mmoja anaweza kukatwa kwa sababu ya deni la mwenzake. Kwa hiyo ukiandika "mwezi wa saba", umejifunga kwa tarehe usiyoimiliki. Weka Oktoba. Ukiweza, weka tarehe kamili yenye mwaka, kisha ongeza sentensi hii: "Malipo ya tumbaku yakichelewa kwa sababu isiyo ya mkopaji, muda utaongezwa kwa siku tisini." Mkopeshaji mwema hatakataa. Akikataa, amekuonyesha anachokitaka, na anachokitaka ni shamba.

Sasa tuzungumze sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya Ardhi inasema kwamba rehani ni dhamana tu. Haihamishi haki ya ardhi kutoka kwa mkopaji kwenda kwa mkopeshaji. Rehani za kimila imeziacha ziendeshwe kwa mila za mahali ardhi ilipo. Maana yake kwako ni kwamba kama makubaliano yenu ni rehani, shamba linabaki lako hadi utaratibu wa kisheria ufuatwe, hata ukichelewa kulipa. Kama makubaliano yenu ni mauzo, shamba limeondoka, na kilichobaki ni ahadi ya kukuuzia tena, ahadi ambayo ina tarehe na inaweza kufa tarehe hiyo ikipita. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linalogombewa barazani.

Baraza au mahakama italipimaje? Haitaishia kwenye kichwa cha habari cha karatasi, ingawa karatasi ina uzito mkubwa. Itatazama bei. Kama jirani zako waliuza ekari moja kwa laki tano na wewe uliandikiwa laki moja na nusu, hiyo si bei ya kuuza shamba, ni kiasi cha mkopo. Itatazama nani aliendelea kulima. Itatazama kama ulikuwa unalipa nyongeza, na nyongeza hiyo ilikwenda wapi. Itatazama hati ya kimila ilibaki kwa nani, na kama mnunuzi aliwahi kwenda ofisi ya kijiji kuandikisha jina lake. Mtu aliyenunua kweli hujitangaza. Huweka mipaka, hupanda minyaa, humwita mwenyekiti wa kitongoji. Mtu aliyeshika dhamana hukaa kimya akisubiri tarehe.

Na sharti la kukomboa limeandikwa wapi? Hili watu wengi hulipuuza. Wapo wanaoandika karatasi mbili: moja ya mauzo inayokaa kwa mwenye fedha, na nyingine ndogo ya ahadi, au hawaiandiki kabisa, inabaki mdomoni. India, ambako mikataba ya namna hii ilikuwa na kesi nyingi mno, sheria ilirekebishwa mwaka 1929 ikasema kwamba sharti la kurudisha lisipokuwa ndani ya hati ileile ya mauzo, muamala huo hauhesabiwi kuwa rehani. Sheria yetu ina njia yake, lakini hatari ni ileile. Sheria ya Ushahidi hapa nchini kwa kawaida hairuhusu maneno ya mdomo yapingane na masharti yaliyoandikwa. Iko milango michache, kama vile udanganyifu, lakini kuipita ni kazi ngumu, na anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Usijiweke mahali ambapo tegemeo lako ni kwamba mashahidi watakumbuka vizuri, wakati wenyewe wanakunywa chai dukani kwa mpinzani wako.

Andikeni basi karatasi moja, nakala tatu: yako, ya mkopeshaji, na ya ofisi ya kijiji. Maneno yake yawe ya kawaida tu. Kwa mfano: "Mimi, fulani, mkazi wa kitongoji fulani, nimekopa kwa fulani shilingi laki sita leo tarehe 10 Januari. Dhamana ya mkopo huu ni shamba langu lenye ukubwa wa ekari nne lililopo mahali fulani, linalopakana kaskazini na fulani, kusini na barabara, mashariki na fulani, magharibi na korongo. Shamba hili halijauzwa. Nitarudisha shilingi laki saba kabla ya tarehe 31 Oktoba mwaka huu. Nikilipa, dhamana imekwisha siku hiyohiyo. Nisipolipa, mkopeshaji atanipa notisi ya maandishi ya siku sitini, na baada ya hapo tutakwenda katika chombo cha sheria. Hatalichukua shamba wala kuliuza kwa mkono wake." Ongezeni nani atalima katika kipindi hicho, na kwamba hakuna kukata miti, kuchoma mkaa wala kujenga nyumba ya kudumu hadi deni liishe. Kwa Kaliua kifungu cha miti si cha kupita juujuu. Mabani yanakula kuni nyingi, na shamba lililorudi bila miti limerudi nusu.

Ukitaka njia salama zaidi, usiweke rehani kabisa. Kodisha. Mpe jirani ekari mbili alime msimu mmoja au miwili kwa kodi inayolipwa mbele, na mkataba useme ni ukodishaji, unaanza lini na unakwisha lini. Fedha utapata, pengine pungufu kidogo, lakini hakuna siku ambayo shamba linageuka mali ya mwingine kwa sababu tu umechelewa. Mimi huwa nawaambia watu waanze hapo, na waende kwenye rehani pale ukodishaji utakaposhindikana.

Kuna wakopeshaji wanaofanya kazi hii kama biashara, wanazunguka vijijini na vitabu vya risiti. Hao wanabanwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayotaka anayekopesha kibiashara awe na leseni. Mwombe akuonyeshe. Asiye na leseni na anayekutaka uandike "mauzo" ana sababu mbili za kuficha mkopo wake nyuma ya neno hilo, na wewe huna hata moja ya kumsaidia.

Suala la mke au mume linastahili kusimama peke yake, kwa sababu ndilo linaloumiza kimyakimya. Shamba la familia haliwekwi rehani na mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ardhi inapozungumzia rehani ya nyumba ya ndoa inahesabu pia shamba ambalo mmoja wa wanandoa amegawiwa alitumie mwenyewe. Ile ekari ya karanga ambayo mama wa nyumbani anailima kwa jembe lake iko ndani ya ulinzi huo. Kwa hiyo wewe mkopeshaji, usipoiona saini ya mke, usitoe fedha. Na wewe mama, ukisikia shamba limeandikwa bila wewe kujua, usisubiri Oktoba. Nenda ofisi ya kijiji wiki hiyohiyo, andika barua ya kupinga, hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Barua iliyoandikwa mapema ina nguvu kuliko machozi ya miaka mitatu baadaye. Wanawake wengi nawaona wanakuja na malalamiko ya haki kabisa, ila hakuna karatasi inayoonyesha kwamba walipinga walipojua.

Kijiji nacho kina nafasi yake. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji hayana nguvu, na msimamo huo umeendelea kurudiwa. Hili linamkata mwenye fedha zaidi kuliko mwenye shamba: karatasi ya "nimemuuzia" iliyoandikwa sebuleni, bila kikao cha halmashauri ya kijiji, inaweza isimpe chochote zaidi ya kudai fedha zake. Saini ya mwenyekiti peke yake akiwa njiani na baiskeli si idhini ya halmashauri. Idhini ni ya kikao, na kikao kina muhtasari. Wengi huikwepa ofisi ya kijiji wakihofia kutozwa asilimia ya bei, kumbe wanaokoa elfu hamsini na kuhatarisha ekari nne. Ukiandika rehani yenu kuwa rehani, omba iingizwe kwenye kumbukumbu za kijiji. Kama una hati ya hakimiliki ya kimila, masijala ya ardhi ya kijiji ndiyo mahali pake. Kama ni kiwanja kilichopimwa mjini Kaliua na kina hati, rehani husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na mgogoro ukianza unaweza kuomba zuio liwekwe kwenye daftari ili kisiuzwe kimyakimya.

Angalia pia shamba liko wapi: ardhi ndani ya msitu wa hifadhi haiuzwi wala kuwekwa rehani na mtu binafsi. Anayekukopesha kwa dhamana hiyo na wewe unayekopa, nyote mmeandikiana hewa.

Siku ya kulipa ikifika, lipa kwa namna inayoacha alama. Benki ni nzuri, simu ni nzuri, kwa sababu ujumbe wa muamala unabaki na kampuni inaweza kutoa taarifa ya miamala. Ukilipa taslimu, lipa mbele ya mtendaji wa kijiji au mashahidi wa pande zote mbili, andikianeni risiti, na urudishiwe karatasi ya awali ikiwa imeandikwa "deni limelipwa" na kusainiwa. Karatasi ya zamani isiyochanwa wala kuandikwa imewahi kufufuka mikononi mwa warithi.

Ujanja ninaousikia mara kwa mara ni wa kukwepa fedha. Tarehe inakaribia, mkopaji anakwenda na fedha, mwenye fedha hayupo. Kesho amesafiri Mpanda kwa treni. Keshokutwa simu haipatikani. Tarehe ikipita, anaonekana akiwa na karatasi mkononi: "Muda umekwisha, shamba ni langu." Kama hilo linakupata, usirudi nyumbani na fedha ukisubiri Mungu amguse. Nenda na fedha kwa mtendaji kabla tarehe haijapita, aandike kwamba umefika nazo, kiasi gani, saa ngapi, na kwamba mpokeaji hakupatikana. Mtumie mpinzani ujumbe wa simu unaosema unazo fedha na unataka kulipa, usiufute. Mwandikie barua na ipelekwe na mtu atakayeweza kusimama kuwa shahidi. Kisha fungua shauri, na katika maombi yako omba uruhusiwe kuziweka fedha hizo chini ya usimamizi wa baraza. Kinachotafutwa hapo ni ushahidi kwamba ulikuwa tayari na ulijaribu kulipa ndani ya muda. Mtu aliyejaribu kulipa na akakataliwa anasimama tofauti kabisa na mtu aliyekaa kimya.

Na fedha hizo zisiliwe. Nimeona watu wanashinda hoja lakini siku ya kulipa hawana kitu, kwa sababu kesi ilikwenda miaka miwili nao wakazitumia. Haki ya kukomboa bila fedha ya kukombolea haikusaidii.

Mgogoro ukishawaka, njia ni hii. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na watatu kati yao wanawake, linaweza kuwasikiliza na kuwapatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake ni usuluhishi tu. Halitoi tena hukumu ya nani mwenye shamba. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza shauri la umiliki mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa kama siku 30 zimepita bila Baraza la Kata kumaliza usuluhishi. Kwa hiyo weka nakala ya malalamiko yako yenye tarehe na muhuri, maana siku hizo 30 zinahesabiwa kutoka kwenye kumbukumbu, si kutoka kwenye hasira. Baraza la Wilaya lina uwezo wa kusikiliza mashauri ya mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na mashamba yetu mengi yako chini sana ya hapo. Usiporidhika, rufaa inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Unapofungua shauri, eleza shamba kwa mipaka yake na majina ya majirani wa sasa. Maelezo ya "shamba langu lililopo Kaliua" yanaweza kukufanya ushinde hukumu isiyotekelezeka, kwa sababu dalali wa baraza hatajua asimamishe nani wapi. Omba baraza litembelee eneo. Kama kuna miti inakatwa, omba zuio la muda siku ileile unayofungua. Na kama baraza linakaa na wajumbe washauri, hakikisha maoni yao yanaandikwa na kusomwa mbele yenu kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imefuta maamuzi mengi kwa kasoro hiyo, na watu wakalazimika kuanza upya baada ya miaka ya kusubiri.

Mpinzani wako anaweza kukimbilia polisi akafungua kesi ya kuingia kwa jinai, kwa kuwa umekwenda kulima shamba ambalo yeye anasema ni lake. Usiogope na usikimbie. Eleza kwamba umiliki wa shamba unabishaniwa. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba swali la mwenye ardhi liamuliwe kwanza katika chombo cha ardhi. Kwa upande wako nawe, usilivamie shamba na vijana wenye mapanga, na usilipeleke shauri kwa sungusungu ili wamtandike mtu. Mwenye haki akishaumiza mtu, kesi inageuka, na yeye ndiye anayelala mahabusu.

Usikawie. Madai ya kurudisha ardhi kwa kawaida yana ukomo wa miaka 12, na madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6. Ni kweli mtu aliyeingia shambani kwa ruhusa yako hawezi kirahisi kudai kwamba limekuwa lake kwa kukaa muda mrefu, lakini kwa nini ujitie katika mabishano hayo? Kila mwaka unaopita shahidi mmoja anafariki, mwingine anahamia Katavi, na karatasi inaliwa na mchwa. Kama mwenye shamba au mkopeshaji amefariki, mtoto hawezi kushitaki kwa jina lake kwa sababu tu yeye ni kifungua mimba. Ateuliwe kwanza msimamizi wa mirathi, kwa kawaida katika mahakama ya mwanzo, naye ndiye atakayedai au kudaiwa. Mashauri mengi mazuri yanaanguka mlangoni kwa kukosa hatua hiyo moja.

Nawe mkopeshaji ninayekuandikia pia, hasa wewe uliyetoa fedha kwa moyo wa kumsaidia ndugu yako: karatasi ya mauzo haikulindi unavyofikiri. Bila idhini ya kijiji inayumba, bila saini ya mwenza inayumba, na bei ndogo uliyoandika ndiyo itakayosomwa kama ushahidi kwamba ulikuwa unakopesha. Ukijenga kabla muda wa kukomboa haujapita, umejenga juu ya mgogoro. Mkataba wa mkopo ulioandikwa wazi, wenye kiasi, tarehe na notisi, utakurudishia fedha zako upesi kuliko kesi ya miaka.

Gharama ya wakili isiwe sababu ya kukata tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wako katika wilaya nyingi. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023 nayo imekuwa ikipita mikoani. Uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako. Nenda na karatasi zote, hata zile unazoona hazina maana, na usiiache karatasi ya asili kwa mtu yeyote, acha nakala.

Kama una karatasi ya namna hii ndani ya sanduku sasa hivi, itoe leo usome tarehe. Ikiwa bado haijafika, mwombe mwenzako mwende ofisi ya kijiji mkaiandike upya kuwa mkopo wenye dhamana, na wenza wenu wote wawili wasaini. Ikiwa imepita na bado hamjagombana, nenda ukalipe wiki hii mbele ya mashahidi, kabla mmoja wenu hajafariki. Na ikiwa mmeshagombana, kesho asubuhi fika Baraza la Kata, andikisha malalamiko yako, na usiondoke bila nakala yenye muhuri.